Jina la Uwanja na Majina ya Umati

Je, jina la mahali ni haki ya nani? Ya aliyeamuru pajengwe, ya aliyepajenga kwa mikono yake, au ya wale wanaopajaza? Swali hili si la wanasiasa peke yao. Sisi watu wa tungo latugusa zaidi, kwani kutaja ndiyo kazi yetu.

Hebu, ndugu msomaji, itazame njia itokayo Kipawa. Hapo pana uwanja wa ndege wenye jina la Julius Nyerere, ambao upanuzi wake uliwahamisha wenyeji wengi. Ukishika Barabara ya Nyerere kuelekea mjini, kisha ukapinda TAZARA kuifuata Barabara ya Mandela, hukawii kufika Temeke, penye viwanja viwili vya mpira vilivyo jirani. Ule mkubwa, wenye viti 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2007, uliitwa wa Taifa hadi mwaka 2020, alipofariki Rais Benjamin Mkapa ukapewa jina lake. Kati ya viwanja vya safari hii, ni ule mkongwe tu usiobeba jina la mtu. Unaitwa Uhuru.

Nao unastahiki jina hilo. Humo, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Humo watu walimuaga Nyerere mwaka 1999, na Mkapa mwaka 2020. Na humo, tarehe 21 Machi 2021, watu waliokwenda kumuaga Rais John Magufuli walisongamana na kukanyagana. Polisi walitangaza kuwa waliokufa ni 45.

Arobaini na watano: idadi twaijua. Majina yao, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuyataja?

Sisemi kwamba kiongozi hastahiki kukumbukwa. Mkapa aliutaka uwanja ule, na bila nia ya mtu jiwe halisogei. Lakini wahenga wetu wa pwani walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nao hawakumkusudia mwenye jahazi peke yake. Yumo fundi, yumo mpasua mbao, yumo mtia kalafati. Vivyo hivyo uwanja hausimami kwa saruji tu. Pasipo umati, ni ua mtupu wenye nyasi.

Pengine tumekosea maana ya jina lenyewe. Katika tenzi za jadi, mtungaji aghalabu hujitaja katika beti za mwisho, kisha humwomba msomaji dua. Hajitaji ili atukuzwe. Anajua kwamba atasahauliwa, naye anaomba asisahauliwe kabisa. Ikiwa hiyo ndiyo kazi ya jina, basi mwenye kulihitaji zaidi si mkubwa, ambaye vitabu vitamtaja hata tukinyamaza. Ni yule aliyetoka kwake asubuhi kwenda kumlilia mtu mwingine, naye akaliliwa jioni. Huyo akibaki nambari, tumemzika mara mbili.

Taifa linalojua kumheshimu mmoja kwa jina na wengi kwa hesabu halijajifunza bado maana ya neno lililoandikwa juu ya uwanja ule mkongwe. Ukuta wa Uhuru ni mrefu. Majina 45 hayawezi kuujaza.