Je, Ni Haki Kumfungia Mgeni Asiye na Kosa?

Mtu aliyekimbia moto akibisha hodi usiku, mwenye nyumba humpa ugali na mkeka. Na asubuhi je? Yaruhusiwa kumfungia mlango kwa nje, na kumwambia: «Chakula unacho, wataka nini tena?» Watu wa Fizi na Baraka wamelionja jambo hili pande zote mbili.

Vita vilipowafikia mwaka 1996, maelfu yao walivuka Ziwa Tanganyika wakafika Kigoma. Serikali ya Tanzania iliwapokea, na wengi wakawekwa Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu. Tendo hilo lilikuwa jema kweli, wala halifai kusahauliwa. Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Aliyekamatwa mbali zaidi aliweza kushtakiwa, hata kama alikwenda kutafuta kibarua tu. Watoto walizaliwa mle, wakakua, nao wakazaa. Tangu mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli mpaka Baraka.

Kisha zamu ikageuka. Mwaka 2015 Warundi walikimbia machafuko ya kwao, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kando ya ziwa, katika Fizi hiyohiyo. Mwaka 2017 ikafuata Mulongwe, karibu na Baraka. Mwenyeji aonapo kuni zikipungua, na mgeni akilima kibarua kwa ujira mdogo kuliko wake, neno la kwanza limjialo mdomoni ni hili: wafungiwe! Na huenda asemaye hivyo ni yuleyule aliyewahi kuomba kibali kule Nyarugusu.

Yafaa kupambanua. Serikali ina haki ya kupanga mahali pa wageni. Mapatano ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya mwaka 1969 yaagiza wakimbizi wawekwe, kadiri iwezekanavyo, mbali na mpaka wa nchi waliyotoka, kwa ajili ya usalama. Ni busara, maana vita huweza kumfuata mtu aliyekaa mpakani. Tena mwenye silaha hana budi kutengwa na raia. Lakini kupanga mahali ni jambo moja, kufunga mlango ni jingine. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, katika kifungu cha 26, humpa mkimbizi aliyekubaliwa haki ya kutembea nchini, chini ya kanuni zilezile ziwapasazo wageni wengine. Kifungo ni adhabu, na adhabu hudai kosa. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni amekosa nini?

Wengine hujibu: «Hafungwi kwa kosa, anatunzwa, analishwa.» Basi na litazamwe lililotokea. Mwezi wa Agosti 2017, fedha zilipopungua, Shirika la Chakula Duniani lilipunguza posho katika kambi za Tanzania hata kufika asilimia 62 ya kipimo kamili. Chungu kilipungua, lakini masharti ya kutoka hayakulegezwa. Amzuiaye mtu asijitafutie riziki amejitwika deni la kumshibisha kila siku, mwaka hata mwaka. Na deni la namna hiyo ni nani awezaye kulilipa?

Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa mashamba kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nao pia walidaiwa kibali cha kutoka, jambo lisilopendeza. Ila walilima, wakajilisha wenyewe, wakauza mazao. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa jamaa hizo. Mulongwe nayo ilipangwa kwa kusudi wakimbizi wapate mahali pa kulima.

Hata hivyo manung'uniko ya mwenyeji si uongo, wala hayafai kudharauliwa. Kwa habari ya ujira, afikiri tena. Mgeni mwenye ruhusa ya kufanya kazi aweza kukataa malipo duni, lakini yule atokaye kwa kujificha hupokea chochote apewacho, maana hana pa kushtaki. Hivyo mlango uliofungwa ndio ushushao ujira wa kijiji kizima. Kwa habari ya kuni, ua hauzuii kitu: chakula cha kambini hupikwa kwa mti uliokatwa nje. Wapangao kambi yawapasa kukaa kwanza na wenye mashamba, wapatane miti ipi ikatwe na ipi iachwe, na kisima na zahanati vijengwe mahali ambapo mwenyeji na mgeni waweza kufika wote wawili.