Nani Huulizwa Kama Anastahili

Agosti 1968, kwenye uwanja wa The Oval jijini London, Basil D'Oliveira aliipigia Uingereza mikimbio 158 dhidi ya Australia. Septemba 2005, uwanja uleule, mpinzani yuleyule, Kevin Pietersen naye akaipigia Uingereza mikimbio 158. Wote wawili ni wazaliwa wa Afrika Kusini. Wote wawili waliihama nchi yao wakisema rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua nani apewe nafasi uwanjani. D'Oliveira alikuwa mtu wa damu mchanganyiko kutoka Cape Town. Pietersen ni mzungu kutoka Pietermaritzburg.

Ni rahisi kuzilaza namba hizi mbili pamoja na kusema: ubaguzi ni ubaguzi, jana ulimkuta huyu, leo umemkuta yule, ngoma droo. Mimi hoja hiyo hainiridhishi. Lakini kila ninapojaribu kueleza kwa nini, naona kwamba hata upande ninaousimamia una mahali panapouma.

D'Oliveira hakunyang'anywa nafasi kwa sababu nafasi yenyewe haikuwapo. Alikuwa nahodha wa timu ya wachezaji wasio wazungu, na mwaka 1958 alikuja nayo huku kwetu Afrika Mashariki: timu ya taifa ambayo dola ya taifa hilo haikuitambua. Mwaka 1960 akaenda Uingereza kuchezea klabu ndogo ya Middleton. Baada ya zile 158, wateuzi wa Uingereza walimwacha nje ya kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Mchezaji mwingine alipojitoa kwa majeraha ndipo wakamwita. Waziri Mkuu John Vorster akasema timu hiyo haipokelewi. Safari ikafutwa, na mwaka 1970 Afrika Kusini ikafungiwa kriketi ya kimataifa hadi 1991.

Pietersen alikuwa na milango miwili. Mama yake ni Mwingereza, na hiyo ikamfungulia njia ya kwenda. Baada ya miaka minne ya kuishi kule akaruhusiwa kuvaa jezi ya Uingereza. Tena alipokuwa Natal alijulikana zaidi kama mrushaji wa mipira ya kuzungusha, anayeingia kupiga akiwa wa nane au wa tisa, kwa hiyo si kwamba kuna mtu aliyeziona zile 158 akazitupa jalalani. Hata hivyo alizaliwa mwaka 1980. Vorster alikuwa ameshatoka madarakani. Kijana wa miaka 19 anayeambiwa kwamba mgawo wa rangi umemgusa yeye hapozwi na somo la historia. Waswahili tunasema dawa ya deni kulipa, na hatusemi zaidi ya hapo. Deni la dola nzima likilipwa kwa nafasi moja kati ya 11, Jumamosi moja, mlipaji ni nani?

Nadhani ugumu wenyewe umejificha ndani ya neno letu hili, kustahili. Mwanariadha aliyemaliza wa kwanza anastahili medali, na hapo tunazungumzia alichokifanya. Maiti inastahili heshima, na hapo haijafanya chochote. Inadai kwa kuwa ni mtu. Wapenzi wa kriketi wakiuliza kama fulani anastahili jezi, wanamaanisha kule kwa kwanza. Taifa ambalo takriban asilimia 80 ya watu wake ni Waafrika weusi likiuliza kwa nini timu yake haifanani nalo, linamaanisha kule kwa pili. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kwa neno moja wasikutane.

Tena swali lenyewe halijawahi kuulizwa kwa haki. Afrika Kusini ilicheza Test yake ya kwanza, yale mashindano ya siku tano kwa tano ambayo ndiyo kipimo kikuu cha mchezo huu, mwaka 1889. Kuanzia hapo hadi 1970 ilichagua karibu wazungu peke yao na kucheza na Uingereza, Australia na New Zealand peke yao. Huo ulikuwa mgawo wa 11 kwa 11, na hakuna aliyeuita mgawo. Graeme Pollock alistaafu akiwa na wastani wa mikimbio 60.97 katika Test 23, miongoni mwa wastani mkubwa kabisa katika historia. Sina sababu ya kudhani hakuwa bora. Ninachosema ni kwamba uteuzi wake hauwezi kutuambia hivyo, kwa sababu wengi wa wananchi wenzake walizuiwa kushindana naye. Lakini hakuna aliyewahi kumtazama Pollock akishuka ngazi za kuingia uwanjani na kujiuliza, huyu kaletwa na nani?

Swali hilo lilisubiri hadi Januari 2002, Sydney. Wateuzi walikuwa wamemchagua Jacques Rudolph, mzungu, acheze Test yake ya kwanza. Rais wa chama cha kriketi, Percy Sonn, akalikataa jina hilo na kuagiza acheze Justin Ontong, kijana wa damu mchanganyiko. Rudolph alikuwa na nuksi ya ajabu: wiki chache kabla alikuwa amecheza mechi dhidi ya India aliyodhani ndiyo ya kwanza, nayo ikafutiwa hadhi ya Test kwa ugomvi mwingine kabisa. Wengi walimhurumia, na walikuwa na haki. Ila mimi namfikiria zaidi Ontong. Siku ambayo mcheza kriketi huiota tangu utotoni, yeye alikabidhiwa ikiwa imeshaandikwa jina la mtu mwingine. Angepiga mia, ungeambiwa ni bahati. Akitoka mapema, si tulisema? Rudolph alisubiri hadi 2003, akapiga 222 bila kutolewa dhidi ya Bangladesh katika Test yake halali ya kwanza, na akaja kucheza Test 48. Ontong alicheza mbili.

Kwa hiyo gharama ya sera ile walilipa wawili, na aliyelipa zaidi ni yule ambaye sera ilisema inamsaidia.

Miaka 13 baadaye jambo lilijirudia kwa sura mbaya zaidi. Machi 2015, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Auckland. Kyle Abbott, mrushaji mzungu aliyekuwa ameng'ara katika mashindano yale, aliachwa nje. Akaingia Vernon Philander, mtu wa damu mchanganyiko aliyekuwa anatoka kwenye majeraha. Baadaye ikaelezwa kwamba ujumbe ulikuwa umetoka kwa wakubwa kabla ya mechi. Viongozi wakakana kwamba kulikuwa na mgawo. Nahodha AB de Villiers akaja kuyaandika kwenye kitabu chake. Afrika Kusini ilifungwa ukiwa umebaki mpira mmoja, kwa pigo la Grant Elliott, ambaye (hapa mtu anaweza kucheka au kulia) alizaliwa Johannesburg na kuhamia New Zealand.

Kinachonikera Auckland ni kwamba Philander hakuwa mtu wa kubebwa. Alishawahi kuorodheshwa mrushaji namba moja duniani katika Test, na alistaafu akiwa na wiketi 224. Wangeweza kumchagua hadharani na kumtetea hadharani. Walipofanya kwa mlango wa nyuma, walimgeuza mmoja wa warushaji bora wa kizazi chake kuwa mtu wa kuulizwa amefikaje.

Na mlango wa nyuma hauna rangi. Oktoba mwaka huohuo, kule Mumbai, Khaya Zondo, Mwafrika mweusi aliyekuwa kikosini tangu mwanzo wa ziara, alitarajia kucheza nafasi ilipopatikana. Akachezeshwa Dean Elgar, mzungu aliyeitwa baadaye. Zondo aliyaeleza hayo mbele ya kamati ya mwaka 2021 iliyoongozwa na wakili Dumisa Ntsebeza, iliyosikiliza malalamiko ya ubaguzi katika kriketi.

Ndiyo maana sijiungi na wanaoiona hatua ya mwaka 2016 kuwa msiba. Mwaka ule, baada ya Waziri wa Michezo Fikile Mbalula kukizuia chama kuomba uenyeji wa mashindano makubwa, lengo lilitangazwa kwa namba: wastani wa wachezaji sita wasio wazungu katika kila 11, wasiopungua wawili wakiwa Waafrika weusi, ukipimwa kwa msimu mzima na si kwa mechi moja. Ni hesabu baridi, na kuhesabu ngozi za watu kunanitia kinyaa kidogo hata kwa nia njema. Lakini kilichotangazwa kinaweza kupingwa, kupimwa, hata kuondolewa. Kwetu Tanzania mbunge wa viti maalum hutupiwa kejeli za kutosha, ila walau kila mtu anajua kiti kimetoka wapi, na mwenye kiti halazimiki kujifanya hajui.

Wapo watakaosema kutangaza huko ndiko kulikofukuza wachezaji. Walioondoka ni wengi kweli. Mwaka 2003 mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Maroš Kolpak, mchezaji wa mpira wa mikono kutoka Slovakia, na uamuzi ule ukawafungulia njia Waafrika Kusini kwa sababu ya mkataba wa nchi yao na Umoja wa Ulaya: wangeweza kuajiriwa na klabu za Uingereza bila kuhesabiwa wageni, mradi wasiichezee nchi yao. Rudolph mwenyewe alikwenda Yorkshire mwaka 2007. Januari 2017 Abbott na Rilee Rossouw wakatangaza wanakwenda Hampshire. Abbott alikataa kuusingizia mgawo. Alizungumzia usalama wa kazi. Duanne Olivier aliondoka Februari 2019 akiwa na wiketi 48 katika Test 10, yaani akiwa na nafasi yake na hakuna aliyemgusa. Paundi ni paundi, randi ni randi, na mguu wa mrushaji wa kasi haudumu. Siwaiti wasaliti. Nurse anayetoka Mwananyamala kwenda Oman hatumwiti hivyo.

Ninachotaka kionekane ni kwamba mlango wa kutokea nao ni aina ya upendeleo. Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini, alianza mwaka 1998 akitokea kijiji cha Mdingi, jimbo la Eastern Cape. Alicheza Test 101 na kuchukua wiketi 390. Mwaka 2020 alieleza kwenye televisheni jinsi miaka ile ilivyokuwa: hakuna aliyemgongea mlango waende kula, na akikaa nyuma ya basi wenzake walikaa mbele. Akabuni njia yake. Alimkabidhi dereva begi lake, akakimbia kutoka hotelini hadi uwanjani, na jioni akakimbia kurudi. Kwa miaka watu walizisifu mbio zile kama bidii ya mazoezi. Kumbe alikuwa anaondoka kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na asubuhi inayofuata anarudi kurusha mpira kwa ajili ya wale wale.

Kuna hoja nyepesi kwamba haki ianzie chini, shuleni, na timu ya taifa iachwe ichague bora tu. Ina ukweli mzito ndani yake. Kagiso Rabada alisoma St Stithians. Lungi Ngidi alisoma Hilton kwa ufadhili. Temba Bavuma alizaliwa Langa, lakini akapitia shule za watu wenye nacho Cape Town na Johannesburg. Ina maana hata mgawo, kwa sehemu kubwa, huchagua kati ya watoto ambao tayari walishachaguliwa na ada ya shule au na mfadhili. Mtoto aliyebaki Langa haumfikii. Ila nimechoka kuisikia hoja hii ikitoka kwa watu ambao, tangu 1991, chini hawajaanza. Na mtoto hajengewi hamu na kiwanja peke yake. Lazima kwenye televisheni awepo mtu anayefanana naye.

Juni 2025, Lord's, Afrika Kusini iliifunga Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa Test. Haikuwa imechukua kombe kubwa tangu 1998. Rabada alichukua wiketi tisa, Aiden Markram akapiga 136, na nahodha Bavuma akapiga 66 akichechemea kwa msuli wa paja. Kila upande ulidai ushindi ule ni ushahidi wake, na kila upande ulibakiza kitu mezani. Katika wale 11, wasio wazungu walikuwa wanne. Lengo la sita lingekuwa sheria ya kila mechi, timu ile isingechaguliwa.

Lakini mtazame Bavuma. Alipiga mia yake ya kwanza ya Test Januari 2016, Cape Town, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo kwa nchi yake. Ya pili ilikuja Machi 2023. Miaka saba katikati, na wateuzi waliendelea kumwandika, na watu waliendelea kusema anaandikwa kwa nini. Sidhani subira ile ilikuwa ya kriketi peke yake. Bila subira ile Lord's ingekuwa na nahodha mwingine. Na katika kila mechi ya miaka ile kulikuwa na mpigaji mmoja aliyebaki kwenye benchi akiwa amevaa sweta, anapeleka maji uwanjani kila warushaji wanapopumzika, na umri wake nao ulikuwa unakwenda.