Mali Isiyolimwa

Watu wa Bunda waijua pamba. Wajua kuipanda, kuipalilia, kuichuma, kutenga safi na chafu, kuipeleka mizani, kisha kungoja bei. Walakini bei hiyo haifanywi Bunda. Hufanywa mbali sana, na watu ambao wengi wao hawajapata kuona mpamba ukichanua. Twataka kunena habari za mmoja wao, kwa sababu mali yake imefika kwetu kwa njia nyingine, nayo imetuletea swali: je, mali aliyoipata mtu pasipo kulima, wala kuvua, wala kufua chuma, ni mali ya haki? Na akiitoa iwe msaada, je, sisi tulio karibu na msaada huo twaweza bado kumwuliza neno?

Jina lake ni Paul Tudor Jones. Alizaliwa mwaka 1954 mjini Memphis, Marekani, mji uliosifiwa tangu zamani kwa soko lake la pamba. Alisoma elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Virginia, akamaliza mwaka 1976. Kisha akajifunza biashara ya pamba kwa Eli Tullis huko New Orleans, akaingia katika soko la pamba la New York. Mwaka 1980 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Tudor Investment Corporation, ya kutunza na kuzalisha fedha za matajiri. Mifuko ya namna hii Waingereza huiita kwa neno la ua, yaani boma la miti lizungukalo shamba, maana shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuizungushia mali ua isiliwe na hasara. Siku hizi mingi imetoka nje ya ua na kwenda kuwinda. Desturi ya mwenye mfuko ni kutwaa kiasi cha 2 katika kila 100 ya fedha anazotunza kila mwaka, tena 20 katika kila 100 ya faida.

Kazi yenyewe si rahisi kufahamika, basi tutoe mfano. Mtu wa Musoma, katika mwezi wa Machi, amwahidi mwenye hoteli kwamba mwezi wa Julai atampa magunia kumi ya mahindi kwa bei ya Machi. Yeye mwenyewe hana hata punje. Aamini tu kwamba mavuno yatakuwa mengi na bei itaanguka. Ikianguka, atanunua rahisi, atatimiza ahadi, na tofauti itakuwa yake. Ikipanda, hana budi kununua ghali na kula hasara. Hakulima, wala hakuiba. Amefanya nini?

Wengi watajibu upesi kwamba amecheza kamari. Sisi hatukubali upesi hivyo. Mwenye hoteli amelala usingizi miezi minne, maana aijua bei yake. Mwenye kinu cha pamba naye huuza marobota kabla hayajafungwa, asije akaharibiwa na bei ya kesho. Hofu ile haikupotea; mtu mwingine ameichukua begani. Kuchukua hofu ya mwenzako ni kazi, ijapokuwa haitoi jasho. Tena kama ujira ungepimwa kwa jasho peke yake, punda angekuwa tajiri kuliko wote.

Lakini pana siku iliyo ngumu kuieleza kwa mfano huo. Jumatatu tarehe 19 Oktoba 1987, bei za hisa katika soko la New York zilianguka zaidi ya 22 katika kila 100 kwa siku moja. Hata mwaka 1929, mwaka wa msiba mkuu wa fedha, haikuonekana siku moja kama hiyo. Jones na msaidizi wake Peter Borish walikuwa wamelinganisha mwendo wa bei za siku zao na ule wa 1929, wakaona wafanana, naye akauza mapema. Wengine walipolia, yeye alipata mali nyingi mno. Vita vya panzi furaha ya kunguru, wasema wazee. Hata hivyo aliyetabiri mvua hakuinyesha, na mchonga majeneza hakuua mtu. Wale waliopoteza waliingia sokoni kwa miguu yao, macho yakiwa wazi, wakijua kwamba kule mtu hupata na mtu hukosa. Tunaweza kuichukia furaha ya kunguru, lakini kumwita mwizi hatuwezi. Linalotutia mashaka ni jambo jingine: mali isiyotokana na shamba haina msimu, na mtu asiye na msimu ni shida kwake kujua lini ameshiba.

Yeye, ni haki tuseme, alianza kutoa mapema. Mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Robin Hood Foundation, chama cha kusaidia maskini wa New York. Gharama za kukiendesha hulipwa na viongozi wake wenyewe, hata sadaka ya mtu mwingine iende nzima kwa maskini. Si haba.

Kisha mwaka 2002 akafika kwetu. Mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, ambayo serikali iliyatenga mwaka 1994, yapo kati ya Hifadhi ya Serengeti na vijiji vya wilaya za Bunda na Serengeti. Nchi ile pamoja na maeneo jirani ni kama ekari 350,000, na nyumbu hupita humo katika safari yao ya kila mwaka. Wakati ule wanyama walikuwa wamepungua sana kwa mitego na moto. Mfuko wa Grumeti ukaundwa. Askari wa wanyama wakaajiriwa, wengine wao wakiwa wawindaji wa zamani, nao ni watu wazijuao njia zote. Tangu mwaka 2006 kampuni ya Singita huendesha hoteli za huko, kama ile ya kilima cha Sasakwa, ambako malipo ya usiku mmoja ni zaidi ya mapato ya mwaka ya wakulima wengi. Mwaka 2019 faru weusi tisa waliletwa kutoka Afrika Kusini. Pana vijana wa vijiji vyetu wanaolipiwa masomo.

Basi wanyama wamerudi. Na tembo hajui kusoma bango la mpaka. Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, watu wa vijiji vilivyo kando ya pori hukesha wakipiga madebe na kuwasha mienge, na asubuhi nyingine huona shamba limekuwa uwanja. Serikali hutoa fedha iitwayo kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo ni ya kweli mno: yakiri kwamba jasho limekwisha kumwagika.

Hapa ndipo tuonapo ajabu. Kule New York kila aliyepata hasara alikuwa ametia mkono wake mwenyewe. Mama wa Bunda anayekesha shambani hakutia mkono popote. Kwa jambo hili moja ile biashara tuliyoitilia shaka yaonekana kuwa na haki kuliko wema huu tunaousifu.

Wako wasemao kwamba mpewa hana la kusema. Mwalimu Nyerere wa Butiama hakufundisha hivyo. Mwaka 1961 alitangaza kwamba wanyama wa pori ni amana ya kutunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba kutegemea misaada na mikopo kwaweza kuhatarisha uhuru. Maneno yote mawili yatuhusu, wala hatuna ruhusa ya kushika moja na kuliacha jingine. Ardhi ile ni ya taifa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu alikuja na jembe lake mwenyewe, twamshukuru, lakini jembe halimpi mtu neno la mwisho juu ya shamba.

Tumpime, basi, kwa kanuni ya kazi yake mwenyewe, ambayo aijua kuliko sisi. Katika soko lake, achukuaye hofu ya mwingine halipwi kwa huruma, wala hangoji hasara itokee ndipo afutwe jasho. Hupatana bei kwanza. Mgeni wa Sasakwa hulala usingizi na kuamka aone tembo, kwa sababu mtu wa kijijini amekubali kuishi jirani na tembo huyo usiku kucha. Hofu hiyo imechukuliwa begani, na bei yake haijapatanwa. Ipatanwe kabla ya kupanda, katika mkutano wa kijiji, mwenye mfuko, mwenye hoteli na bwana nyama wakiwa wamekaa pamoja na wenye mashamba, na yule mama naye akiwa na nafasi ya kutaja bei yake.