Theluji ya Houston na Shauri la Kuhama

Katika mambo yawezayo kumtia mtu hamu ya safari hali ameketi barazani kwake, silijui lenye nguvu kuliko picha ya mji wa joto ulioamka na theluji. Theluji ya Ulaya tumeizoea tangu vitabu vya skuli na haitushughulishi. Lakini theluji iliyoanguka juu ya mitende na migomba, katika mji ambao usiku wake humtoa mtu jasho kama utoavyo usiku wa Wete, kwetu Pemba, wakati wa kaskazi, hiyo ni habari nyingine kabisa, kwani huonekana kana kwamba nchi hiyo imejaaliwa mawili kwa pamoja, uvuguvugu wetu na ajabu za wenzetu, na aliye mbali akaanza kujiuliza kwa nini yeye asiwe miongoni mwa wakazi wake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, tufani ya theluji ilipita katika mwambao wa kaskazini wa Ghuba ya Meksiko, kutoka Texas mpaka Florida, ambako watu wanajua zaidi vimbunga na mbu kuliko barafu. Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani walitoa ilani ambayo haijapata kutolewa katika mwambao ule; New Orleans ikapata takriban sentimita 20, na Houston, ambako binti yangu anakaa na mumewe na watoto wao, zikaanguka baina ya sentimita 5 na 10 katika mitaa mingi, skuli zikafungwa na ndege zikasita kuruka. Kumbukumbu za mji huo zinataja theluji kubwa kuliko hiyo, ya nusu mita, iliyoshuka Februari 1895, zama ambazo huku kwetu Zanzibar alikuwa akitawala Sayyid Hamed bin Thuwaini. Lakini walioishuhudia hiyo hawapo, na kwa waliopo hii ya juzi ndiyo theluji.

Binti yangu alipiga simu asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ilikuwa baina ya Magharibi na Isha, akatuonyesha watoto wakigaagaa katika weupe ule na majirani wakitoka milangoni, watu ambao kwa kauli yake walikuwa wakipishana miaka kwa kupungiana mikono ndani ya magari yaliyofungwa vioo, na siku ile wakasimama njiani wakazungumza kama watu wa Mtemani wanaotoka msikitini. Ndipo aliposema neno ambalo amekuwa akilizungukia kwa muda mrefu: “Baba, njooni na mama mhamie huku. Karatasi zote tutazishughulikia sisi.” Mama yake, ambaye huwa mwepesi wa kuamua na mzito wa kubadilisha alichokwisha kuamua, alikuwa tayari anauliza kama makoti yanauzwa Chake Chake.

Mimi si katika wale wanaoona kuhama ni usaliti. Kisiwa hiki kimejaa watu ambao mababu zao walitoka kwengine, na kimetoa watu wengi waliokwenda kwengine, wengine kwa radhi zao na wengine, kama wale waliovuka kwa mashua kwenda Shimoni, Kenya, kuyakimbia machafuko ya kisiasa ya mwaka 2001, bila ya radhi. Kwa hiyo shauri la binti yangu nililipokea kwa taadhima linayostahiki. Lakini kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyozidi kuona kwamba theluji ile, ambayo kwake ilikuwa hoja ya sisi kwenda, ilikuwa pia hoja ya kuuliza mambo ambayo hayakuonekana katika picha.

Kila mji, naona, umejengwa juu ya dhana ya nini kitatoka mbinguni na nini hakitatoka. Dhana hiyo haiandikwi popote, lakini imo katika unene wa kuta, katika mwinamo wa mapaa, katika kina cha mitaro na mahali mafundi wanapopitisha mabomba. Na ikikaa muda mrefu bila ya kukanushwa hugeuka itikadi. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani wa Rabai, aliposema mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, alikuwako London bingwa wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyemkanusha kwa ukali kwa miaka mingi, naye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki. Theluji karibu na ikweta haikuingia katika hesabu zake, basi ilimbidi mwenye macho ndiye awe amekosea. Mjenzi wa nyumba naye hufanya kama Cooley, ila kwa udongo na saruji: asiyetarajia baridi hujenga nyumba inayosema kwamba baridi haipo.

Houston iliisikia kauli hiyo ikikanushwa katika Februari 2021, na picha za mwezi huo binti yangu hakutuletea. Baridi ilishuka mpaka kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, ikakaa siku kadhaa. Visima na mabomba ya gesi yakaganda, mitambo ya umeme ambayo haikutengenezwa kwa baridi ya namna hiyo ikasimama, na kwa kuwa gridi ya Texas imejitenga kwa sehemu kubwa na za majimbo mengine, msaada wa kutoka nje haukuweza kuwa mkubwa. Nyumba zaidi ya milioni 4 katika jimbo zima zikawa gizani. Mabomba ya maji, yaliyopitishwa darini na katika kuta nyembamba na watu ambao tatizo lao la maisha lilikuwa joto, yakapasuka, ikawa mtu anatetemeka kwa baridi huku maji yanamwagika kutoka juu ya kitanda chake. Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliofariki, wengi wao kwa baridi, katika jimbo linalouza nishati kwa dunia nzima.

Katika hao wamo waliouliwa na moto wao wenyewe, na hapa ndipo roho yangu iliposimama. Watu walioona baridi haivumiliki waliwasha makaa ndani, au waliwasha gari katika banda lililoshikana na nyumba wapate kujipasha joto, na ile hewa ya sumu isiyokuwa na rangi wala harufu ikawachukua. Mamia walipelekwa hospitali, na waganga walitambua kwamba wahamiaji walikuwa wengi miongoni mwao. Mtu wa Wete akisikia hayo huelewa mara moja. Ni nani kati yetu ambaye umeme ukikatika hawashi seredani? Sisi tumekua na makaa. Tunayajua kama tunavyojua mikono yetu. Lakini tunayajua katika jiko la uani, katika nyumba yenye upenyo baina ya ukuta na paa, yenye madirisha ambayo hata yakifungwa hayafungi, na ujuzi wetu wote umesimama juu ya upepo huo unaopita bila ya kualikwa. Uhamishe ujuzi ule ule, kwa uaminifu ule ule, uutie katika nyumba iliyozibwa pembe zote ili ubaridi wa mashine usitoke nje, na mama aliyewasha moto ili wanawe wasife kwa baridi atakuwa amewaua kwa alichofundishwa na mama yake. Mwenye kuhama huingia katika dhana za watu wengine akiwa na hikima za dhana zake, na hakuna afisa wa uhamiaji anayempekua kwa hilo.

Kisiwa hiki hiki kimepata umbo lake la leo kwa siku moja ya namna hiyo. Unguja ilikuwa imeamini kwamba vimbunga ni vya Mauritius na Bukini, na juu ya imani hiyo ikapandwa mikarafuu kila penye kilima. Mpaka tarehe 15 Aprili 1872, katika utawala wa Sayyid Barghash, kilipokuja kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja majahazi bandarini, hata zile merikebu za Sultani mwenyewe. Pemba kilituacha karibu salama. Bei ikapanda, matajiri wakaelekeza macho huku, misitu ikafyekwa na mikarafuu ikapandwa, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar kwa sehemu kubwa imekuwa ya Pemba. Watu husimulia habari hii kama bahati ya kisiwa cha kijani, na kwa wenye mashamba ilikuwa bahati. Lakini wengi wa waliohamishiwa huku kufyeka na kupanda walikuwa watumwa, ambao hapana aliyewapigia simu kuwataka shauri. Nikipita leo katika majamvi ya karafuu zinazoanikwa kando ya njia, nakumbuka kwamba harufu ile ilitufikia kwa sababu ya upepo uliopiga kwengine.

Wenzangu wa barazani wana jawabu jepesi zaidi. Wanasema: Houston ina nini, na Maskati ipo? Huko Kiswahili kinasikika sokoni, adhana inasikika kila mtaa, nasaba za watu wa Pemba zimejaa tangu Sultan Qaboos alipofungua milango baada ya 1970, na mwenye kutaka theluji apande Jebel Shams, mlima wa takriban mita 3,000, ambako huanguka baadhi ya miaka watu wakatoka mjini na magari kwenda kuitazama. Sina ninaloweza kuipinga Maskati, isipokuwa kwamba nayo iliamini ukavu wake ikajenga katika mabonde ya wadi, na Juni 2007 kimbunga cha Gonu kikaijaza maji mpaka barabara zikachukuliwa. Jamaa yangu mmoja wa huko hupaita mahali petu “salama” kwa sauti ya mtu anayesahau mengi.

Maana Wete nayo ina dhana zake. Tumeezeka mabati kwa kuamini kwamba upepo wa 1872 hauna ndugu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia tulitazamana. Tumelima mpunga katika mabonde ya pwani kwa kuamini kwamba bahari inajua mpaka wake, na leo Kisiwa Panza na pengine pengi maji ya chumvi yameingia katika makonde. Na umeme wetu unatujia tangu 2010 kwa waya mmoja wa karibu kilomita 78 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, taifa linaloijua theluji kuliko yote niliyoyataja. Kabla ya hapo tulikuwa na mitambo ya dizeli ya Wesha, iliyokuwa ikikohoa na kunyamaza; lakini Unguja, iliyokuwa ikitegemea waya kama huo, ilipokaa gizani karibu mwezi mzima katika 2008, na tena takriban miezi mitatu kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mitambo hiyo hiyo tuliyokuwa tukiisengenya ilikuwa inatuwashia taa. Sasa sisi nasi tuna waya. Mtu anayekataa kuhama kwa kudai kwamba huku hakuna hatari, basi hakuitazama nyumba yake kwa nje.

Kwa hiyo sikumjibu binti yangu kwa hofu, wala kwa ile kauli ya wazee kwamba tutazikwa tulipozaliwa. Mwenye shauri la namna hii huswali istikhara, na istikhara hutanguliwa na kuuliza wenye habari. Basi nikamwandikia maswali. Nilitaka kujua koki kuu ya maji iko wapi na ni nani nyumbani anayejua kuifunga gizani. Kama darini pana mabomba. Mvua ya Agosti 2017, ile ya kimbunga Harvey iliyozamisha maelfu ya nyumba katika mji wao, ilifika kiasi gani katika mtaa wanaokaa. Na zaidi ya yote, 2021 walikaa vipi, maana alituambia siku zile kwamba “kuna baridi kidogo”.

Jawabu lake lilikuwa refu kuliko barua zake zote. Alisema kwamba usiku wa kwanza wa giza mumewe alikuwa amekwisha kutia makaa katika chombo, na aliyemzuia ni mzee wa Kimeksiko wa nyumba ya pili, aliyegonga mlango kuwauliza kama wanajua kufunga mabomba kwa mataulo makuukuu na kuuacha mfereji utone usiku kucha yasipate kuganda. Wakahamia kwake watoto na wakubwa, wakalala chumba kimoja, na mkewe akawapikia kwa jiko la gesi la kambi lililowekwa ukumbini nje. Binti yangu alitaja jina la mzee huyo, na la mkewe, na maradhi ya mguu yanayomsumbua, na mwana wao aliyeko jeshini. Na katika yote niliyopata kusikia juu ya Houston, theluji ikiwamo, hayo ndiyo yaliyonisogeza.

Nimesogea, lakini sijahama. Nimemwambia mke wangu kwamba kabla ya karatasi zozote twende kwanza kutazama, na tukienda twende Julai, mwezi wa joto lao kali na wa vimbunga, mwezi ambao katika 2024 kimbunga Beryl kiliwakatia umeme watu zaidi ya milioni 2 katika hari ile. Kwani mji ambao mtu atakaa ndani yake siku zote hufaa utazamwe katika siku zake zilizo nyingi. Mwenyewe amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hakungoja umri wote huu ili akaonyeshwe joto na mvua, ambavyo anavyo uani kwake bila ya nauli, na kwamba tutakwenda Januari au hatwendi. Binti yetu, aliyekuwa akisikiliza kwa simu, amesema tikiti za Januari ni rahisi zaidi.