Redio Husema, Mpiga Kura Huamua

Je, mpiga kura aliyepotoshwa na redio ana lawama? Sisi wa Gitega, Kigali, twaishi katika jiji linalojua nguvu ya redio. RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, ikapanda chuki hata majirani wakauana. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Basi msemaji huwajibika. Lakini msikilizaji naye ana akili, na katika chumba cha kura huingia peke yake. Anayejua kazi za bunge na haki zake huuliza: nani amesema, kwa faida ya nani, ushahidi uko wapi? Kwa maoni yangu, kutojua hupunguza lawama. Kukataa kuuliza huiongeza.