Ni Kosa la Nani?
(Somo: Yohana 9:1–7)



Mtoto akizaliwa na midomo ya buluu, akawa ananyonya huku akihema, maneno huanza kabla hajafikishwa hospitali. Mama alikula nini? Alimkosea nani? Hata sisi wa kanisani twauliza, tena kwa kunong'ona, nako huumiza zaidi. Wanafunzi nao walimwuliza Bwana wetu jambo hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu. Bwana hakumtwika lawama yule mtu wala wazazi wake. Aliinama, akafanya tope, akaanza kazi.

Mara nyingi kwa watoto hao njia ya damu iendayo mapafuni ni nyembamba, na ukuta wa katikati ya moyo una tundu. Huko Baltimore, Marekani, Dakta Helen Taussig, ambaye masikio yake yalikuwa mazito hata akazoea kuusikiliza moyo kwa vidole, alitaka damu ifunguliwe njia nyingine. Tarehe 29 Novemba 1944 Dakta Alfred Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, asiyefika kilo 5, akauunga mshipa uendao mkononi na ule wa mapafu.

Lakini mtazameni aliyesimama nyuma yake juu ya kistuli. Ni Vivien Thomas, mtu mweusi, fundi seremala. Alitamani kusomea udaktari, ila akiba yake ilipotea katika anguko la uchumi lililoanza 1929. Alipoajiriwa maabara kule Nashville aliandikwa na kulipwa kama mfagizi. Ni yeye aliyeujaribu upasuaji huo kwa mbwa wapatao 200, na siku ile Blalock alikuwa akimwuliza yeye hatua kwa hatua. Taarifa yao ya 1945 haikumtaja. Shahada ya heshima ya udaktari wa sheria alipewa 1976. Miaka zaidi ya 30! (Nikiihesabu nawakumbuka wanaofagia kanisa letu, ambao wengi wetu hatuyajui majina yao.)

Yule mtoto alipata nafuu, lakini baada ya miezi hali ilirudi, akafa. Sipendi kulificha hilo ili mahubiri yapendeze. Wengi waliofuata waliishi.

Mwaka 1975, São Paulo nchini Brazil, Dakta Adib Jatene alifaulu kuibadilishana mishipa miwili mikuu iliyoota mahali pasipo pake, akivihamisha na vile vishipa vyembamba vinavyoulisha moyo wenyewe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa mtoto akiwa na siku au majuma machache tu, kwa maana akicheleweshwa upande wa kushoto wa moyo hudhoofika.

Watoto wenye magonjwa ya moyo hupasuliwa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Basi mkimwona mama na mtoto wa namna hiyo, msimwulize alikula nini. Mwulizeni kama anayo nauli.