Ramani ya Migomba: Nani Mwenye Haki ya Kuandika Jina la Kilima?

Ukimwuliza mtu wa Songo kasiksi nzuri inatoka wapi, hatafuti kitabu. Atageuza uso kuelekea milima ya Mitumba, atainua mkono na kusema: kule juu. Ukimwuliza mawese, atageukia kusini, njia ya Makobola na Fizi, ambako michikichi inashuka mpaka karibu na maji. Miwa ni Kiliba, mchele ni bonde la Ruzizi. Kila mmoja hapa kwetu anatembea na ramani kichwani, na hakuna aliyemchorea.

Miaka kadhaa iliyopita sisi walimu wa chama hiki tulitaka kuitoa ile ramani kichwani na kuiweka kwenye karatasi. Wazo lilitujia tuliposoma habari za nchi za divai huko Ulaya. Kule Burgundy, Ufaransa, mashamba ya mizabibu yamegawanywa katika vipande zaidi ya 1,200, kila kipande na jina lake na mpaka wake, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika urithi wa dunia. Tukajiambia: kama mteremko wa mizabibu unapewa heshima hiyo, migomba ya bibi zetu je? Tukachukua wanafunzi wa humanite, daftari, kalamu za rangi, tukapanda mlima.

Maana kasiksi nayo ina elimu yake, na tuseme ukweli, sisi wenye diploma tulikuwa hatuijui vizuri. Ndizi zinakatwa zingali mbichi, zinafukiwa ndani ya shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya mgomba, siku tatu, nne, kufuatana na baridi ya mahali. Zikiiva zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na majani ndani ya kile chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi mdogo. Maji yake yanachujwa, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, halafu yanafunikwa na kuachwa yachachuke. Mama mmoja alituambia kwamba anaweza kuonja na kusema ndizi zilikaa shimoni siku ngapi. Wanafunzi walicheka. Akawaonjesha mbili tofauti, kicheko kikakoma. (Wazazi watusamehe, yalikuwa masomo.)

Lakini jambo lililotushangaza zaidi si utamu. Wazee walitueleza kwamba zamani mtu akipewa shamba, hakupewa hati. Palipandwa mti wa mpaka, watu wa jirani wakaitwa, pombe ikaletwa, mwenyeji akaionja kwanza ili wote waone haina sumu, kisha kibuyu kikazunguka. Wote waliokunywa siku ile walikuwa mashahidi. Ugomvi ukitokea baadaye, watu hawakuulizana karatasi iko wapi, waliulizana: ile siku nani alikunywa? Kumbe tulikuwa tumepanda mlima kuchora ramani ya pombe, na pombe yenyewe ilikuwa tayari ndiyo ramani.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwenye kilima kimoja juu ya mto Mulongwe tulikuta jamaa mbili, na kila moja inakiita kilima kwa jina lake. Nyumba ya kwanza ilikuwa na viti na kivuli, na ilitukaribisha kwa kasiksi. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya korongo, mvua ilikuwa inakuja, na wanafunzi walikuwa wamechoka. Tukaandika jina la nyumba ya kwanza, tukashuka. Mwaka mmoja baadaye fotokopi ya ramani yetu ikatokea mbele ya wazee katika kesi ya shamba. Waliambiwa: tazameni, walimu wenyewe wameandika. Mzee wa nyumba ya pili akatufuata mpaka shuleni. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Mwalimu, mulikunywa pombe yake, mukaandika jina yake.»

Tangu siku ile tunajiuliza: tulisema uongo? Kila kitu kilichokuwa kwenye karatasi tulikisikia kweli kwa mtu wa kweli. Hata hivyo mtu mwingine aliumia.

Ziwa letu lenyewe lina historia ya namna hii. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mtumbwi. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, kwa sababu ukitoka, labda ndio mwanzo wa Nili. Watoto watatu wa sultani wa hapa waliwaambia wazi: mto unaingia, tumeuona. Wageni hawakufika mtoni, wapiga kasia walikataa kuendelea kwa kuogopa watu wa kule mbele. Waliporudi Ulaya mabishano yakaendelea, na Burton mwenyewe mwaka 1864 akashikilia kwamba mto unatoka. Ilibidi kungoja mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga kasia mpaka penyewe, wakaona maji yanaingia. Miaka 13 kwa jambo ambalo mtoto yeyote mvuvi angelionyesha kwa kutupa jani mtoni.

Tunaposimulia hii darasani, wanafunzi wanafurahi sana, na sisi tulizoea kufurahi pamoja nao. Sasa tunafurahi kidogo. Burton hakufika mtoni, na sisi hatukuvuka korongo. Sababu zake na zetu zinafanana: woga kidogo, uchovu kidogo, na imani kwamba karatasi itajitetea.

Mwenzetu mmoja anasema basi tuache kuchora. Anasema jina likikaa mdomoni linaweza kusahihishwa kila jioni, likikaa kwenye karatasi linakuwa silaha. Kuna kweli ndani yake, hasa katika nchi kama yetu ambapo Bavira, Bafuliiru, Barundi, Babembe na Banyamulenge kila mmoja ana namna yake ya kuita mlima uleule. Hata mto wenyewe, kwetu unaandikwa Ruzizi, na ng'ambo Burundi ni Rusizi.

Lakini hatuwezi kumfuata mpaka mwisho. Mdomo nao si malaika. Shahidi wa pombe anaweza kununuliwa kwa pombe nyingine. Na zaidi ya hapo, vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya hao mashahidi. Wangapi walivuka ziwa wakaishia kambini Tanzania, Lugufu au Nyarugusu, na wakafia huko pamoja na mipaka yote waliyoikumbuka? Nyumba ambayo wazee wake wamekufa haina wa kusema «nilikuwapo». Kwa mtu kama huyo, kukataa kuandika ni kumwacha aliyebaki aseme peke yake.

Tena wale wa divai hawakuwa watu wa mchezo, tusiwaige kwa macho yamefumba. Kule Douro, Ureno, mstari wa nchi ya divai ulichorwa kuanzia 1756 kwa amri ya serikali, na nguzo za mawe zikasimikwa. Aliyekuwa ndani ya mstari alipata jina na bei. Jirani yake aliyekuwa nje kidogo, zabibu zake hazikugeuka chungu usiku ule, lakini hakuhesabiwa tena. Leo watalii wanazipiga picha zile nguzo. Yule jirani hapigwi picha. Nasi kwenye ramani yetu ya kwanza tuliandika shamba kwa jina la baba mwenye shamba, na yule mama aliyetuonjesha, aliyejua siku za shimoni kwa ulimi, hakuwemo mahali popote. Hiyo hakuna aliyekuja kutulalamikia. Tuliiona wenyewe, tena kwa kuchelewa.

Basi tumeanza upya. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibadilisha kingo za Mulongwe na kubeba nyumba nyingi, kwa hiyo hata ile karatasi ya zamani haikuwa inasema kweli tena juu ya mto. Safari hii tunaandika kwa penseli, na pembeni tunaandika nani alisema, siku gani, na nani hakuulizwa. Juu ya ramani tumeandika kwa herufi kubwa kwamba haiamui shamba la mtu, ingawa tunajua fotokopi inaweza kukata sehemu ile ya juu. Korongo tumelivuka. Tulikaa chini kwa yule mzee, hapakuwa na viti, akatupa maji. Tukamwonyesha kwamba kilima sasa kina majina mawili, moja limeandikwa juu ya jingine.

Alitazama sana. Akauliza kwa nini lake liko chini. Tukamwambia tumefuata alfabeti. «Na alfabeti,» akauliza, «iliandikwa na nani?»

Tulimwomba muda. Bado hatujarudi kwake.